Tai ya Mchezo Niliyoificha Ndiyo Iliyomchukua Shemeji Yangu

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana Uvira tunajuana. Mimi ni bibi wa miaka sabini na saba, mwalimu mstaafu, naishi Kimanga. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Neno hili sijamwambia hata padri.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita niliishi kwa dada yangu mkubwa, ambaye hadi leo namwita Yaya. Mume wake alikuwa mvuvi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, lakini Jumapili alikuwa mchekeshaji. Baada ya uhuru yeye na wenzake walitunga mchezo wakauonyesha kwenye ukumbi wa parokia. Mvuvi anaamka asubuhi ya uhuru, anavaa tai nyekundu na miwani isiyo na vioo, anajiita Karani Mkuu. Anapiga kengele, anamfokea mkewe alete faili, "Lete dosye!" Mke anamletea sahani ya ndakala: "Dosye hii hapa, Bwana Karani. Iko na mifupa, soma polepole." Jamani! Niliutazama mara tisa, na kila mara nilicheka kabla Shemeji hajafungua mdomo.

Kisha, mwaka 1964, uasi ukafika. Wapiganaji walitafuta makarani na watu wa serikali, na ukikutwa na tai, umekwisha. Watu walichoma diploma zao. Shemeji akanipa nguo za mchezo, akasema, "Mudogo yangu, funga na jiwe, tupa mu ziwa." Koti nilitupa. Miwani nilitupa. Tai sikuweza. Nilijiambia vita vitaisha, mchezo utarudi, na Karani bila tai si Karani. Nikaichomeka kwenye nyasi za paa la jiko la Yaya, halafu nikawaambia wote kwamba nimetupa kila kitu. Ulikuwa ujinga mtupu.

Siku ya tatu wapiganaji walikuja wakaipata. Shemeji alinitazama mara moja tu, wala hakunitaja.

"Iko ya mchezo," aliwaambia.

"Basi cheza, tuone."

Akaivaa, akacheza pale uani. Alipofika kwenye dosye, Yaya mwenyewe alishika sahani akajibu maneno ya mke, machozi yanamtiririka. Wapiganaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka, maana nilidhani tumepona. Walipomaliza kucheka wakamchukua na tai yake shingoni. Hakurudi, na hatukupata hata maiti ya kuzika.

Yaya alijua tai ilitupwa ziwani, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Basi akatafuta mkosaji. Jirani yetu, mvuvi pia, alikuwa ameonekana asubuhi ile akizungumza na wapiganaji. Yaya akasema huyo ndiye aliyeivua ziwani, akaja kutuchomekea kwenye paa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza siku hiyo, na kesho yake ikawa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata haikuwezekana tena. Zaidi ya miaka sitini hatujanywa maji kwao. Jirani yule alipokufa hatukukaa kwenye kilio chake, na ninyi mnajua, kwetu kutokaa kilioni ni kutangaza uadui.

Mwaka huu vijana wa parokia waliniomba mchezo wa zamani. Nikauandika wote kwenye daftari, neno kwa neno, maana sijausahau. Mjukuu wa Yaya akapewa nafasi ya Karani. Jumapili jioni nilimpeleka Yaya, tukakaa mbele tumeshikana mikono. Kijana alipotokea na tai nyekundu Yaya akanibana mkono, nikaogopa. Lakini alicheka! Alicheka kama zamani, akaniuliza, "Ule binti anacheza muke ya Karani iko wa nani? Anacheza kama minye," akajigusa kifua.

Sikujua. Mchezo ulipoisha mjukuu alikuja kwetu amemshika binti yule mkono, akasema wanataka kuoana. Yaya akafurahi, akauliza ukoo. Binti akataja jina la babu yake, na alikuwa ni yule jirani.

"Hapana," Yaya alimwambia mjukuu wake. "Damu ya babu yako iko mu mikono ya nyumba ile."

Binti akapiga magoti. "Koko," alimwita Yaya kama bibi yake, "babu yangu alikufa akisema haiko yeye."

Mjukuu alivua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nami nilikuwa kwenye kiti changu, mwalimu mzima niliyefundisha watoto wa watu kusema kweli, nikainuka, nikamshika Yaya mkono tuondoke.

Njiani Yaya aliegemea bega langu. "Jumamosi weye njo utaenda kwao, uwaambie mambo ya ndoa imekwisha. Minye siwezi kufika pale. Weye peke njo ulibakia ndugu yangu. Haujanidanganyaka hata siku moja."

Yaya ana miaka themanini na sita na moyo wake ni mgonjwa. Daktari amekataza asishtuliwe. Nikisema, naogopa nitamuua, au atakufa hataki kuniona. Nikinyamaza, nitaingia kwa mikono yangu katika nyumba niliyoichafua, nimpokonye binti wa watu mume, na babu yao abaki muuaji hata kaburini. Kukimbia siwezi, hata magoti hayanipeleki mbali.

Na tangu Jumapili Yaya amepata kimchezo chake. Kila asubuhi ananiita kutoka kitandani, "Lete dosye!" Nami nampelekea uji na kumjibu, "Iko na mifupa, soma polepole." Anacheka peke yake.

Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mnaosoma, wakubwa kwa wadogo, nishikeni mkono: kesho asubuhi akiniita tena, nimjibu nini?