Majina Mawili Kwenye Skrini ya Khocha

Kompyuta kuukuu ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linalokaangwa. Kwetu Tuwan, mjini Kitale, harufu hiyo ilichanganyika na ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai mbele ya mlango, na hadi leo siwezi kuzitenganisha. Ulikuwa msimu wa kuvuna, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa darasa la sita. Watoto wenzangu walikuwa uani wakifukuza kuku wasile mahindi. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwenye mtungi wa maji uliogeuzwa, nikijifunza kazi ambayo imenilisha maisha yangu yote. Nasema bila haya kwamba mtaani kote hakukuwa na mtoto mwingine aliyejua kuisimamisha programu katikati ya kazi yake na kuiuliza maswali. Pengine hata mjini kote hakuwapo. Diploma yangu niliipata baadaye, kwa jasho langu mwenyewe, lakini elimu yangu ilianzia kwenye mtungi ule.

Mwenye kompyuta alikuwa Khocha. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita ndugu wa kiume wa mama. Jina lake lilikuwa Barasa, na alikuwa ametoka kwao Kabuchai, kule Bungoma, kuja kusoma kompyuta katika chuo kimoja hapo mjini. Alilala nyuma ya pazia, upande wa pili wa chumba chetu. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vyembamba, na alipofikiri alivuta sikio lake la kushoto mpaka likawa jekundu. Alinipenda kwa namna ya pekee kwa sababu ya jina langu. Mimi ni Nekesa, nimepewa jina la nyanya yangu, mama yao yeye na mamangu, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto akipewa jina hilo hupewa pia heshima zake. Mamangu aliniita mayi, yaani mama, hata aliponituma chumvi dukani. Khocha naye, mtu mzima mwenye ndevu, aliniita mayi, na nilipomnyima kipande cha muhogo alilalamika kwa mama kwamba mama yao siku hizi amekuwa mchoyo.

Mwaka ule Khocha alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa katika mradi wa mwisho, ule unaompa mwanafunzi cheti, na chuo kilimwambia nafasi ya pili ndiyo ya mwisho. Kule Kabuchai kaka zake walikuwa wamekwisha kumtengea sehemu ya shamba la miwa, na mmoja wao alipotutembelea alimwambia wakati wa chai, bila ubaya wowote, "Bana, panga yako tumeshanoa. Ukichoka na hii televisheni yako utatupata." Khocha alicheka na wengine. Baadaye nilimwona amesimama nyuma ya nyumba akivuta lile sikio. Mimi nilikuwa na hofu yangu. Akishindwa, angerudi kijijini, na mimi ningebaki na mtungi usio na kompyuta mbele yake.

Mradi wenyewe ulikuwa programu ya ukoo. Unaingiza jina la mtu na jina la mzazi wake, kisha ukimtaja yeyote, programu inapanda kwa mzazi, kwa mzazi wa mzazi, mpaka inapofika kwa yule wa mwanzo kabisa. Khocha aliiandika kwa lugha ya C, kisha akaipitisha kwenye kompaila, ile programu inayoyageuza maneno tunayoandika sisi yawe tarakimu ambazo mashine inazielewa. Alijaribu kwa majina ya mfano aliyopewa darasani, akina John mwana wa Peter mwana wa Paul, nayo ikapanda vizuri kama fundi kwenye ngazi. Ndipo akaamua kuweka ukoo wetu wenyewe, ili siku ya mtihani aonyeshe kitu cha kweli, na kwa kunifurahisha akaanza na mimi.

"Imekufa," akasema.

"Imekufa aje na taa inawaka?"

"Kompyuta ni nzima, mayi. Ni programu yangu imekufa."

Kwenye skrini nyeusi kulikuwa na mstari mmoja mfupi wa Kiingereza, Segmentation fault, na baada yake kimya. Alijaribu tena, ikafa tena. Alirudi kwa akina John, ikafanya kazi. Akarudi kwetu, ikafa. Mama alikuwa mlangoni akigeuza mahindi kwa mguu. "Hiyo kitu inakula stima tu," akasema. "Hata chai haiwezi kupika. Na sasa inakataa majina ya Wabukusu."

Kwa siku kadhaa Khocha alisoma maandishi yake mstari kwa mstari asione kosa. Kisha alasiri moja akaamua kutumia dibaga, programu ya kuchunguzia programu nyingine. Haikuwa na picha wala vitufe. Unaandika amri, unabonyeza Enter, inakujibu kwa maandishi. Unaendesha programu yako ndani yake, na programu inapokufa, mwili wake hautoweki. Unabaki mbele yako pale pale ulipoangukia, na unaweza kuuliza: ulikuwa wapi, nani alikutuma hapo, na huyo aliyekutuma alitumwa na nani. Swali hilo linaandikwa kwa herufi mbili tu, bt. Khocha aliponieleza nilielewa mara moja, maana ndivyo mama alivyonihoji kikombe kilipovunjika.

Mara ya kwanza dibaga ilitujibu kwa alama za kuuliza na tarakimu zisizo na maana. Khocha akajipiga paji la uso. Alikuwa amesahau kuiagiza kompaila ihifadhi majina ndani ya programu, na bila agizo hilo dibaga huona mifupa tu, haijui mifupa ni ya nani. Akakompaili upya, safari hii akiongeza agizo hilo, akaiendesha, ikafa, akaandika bt. Skrini ikajaa. Chini kabisa dibaga ilisema tubonyeze Enter kama tunataka kuona zaidi.

"Wewe ni mama yangu ama sio?" akasema. "Kuja ukae hapa, ubonyeze. Mimi nasoma."

Akanipisha kiti. Nilibonyeza, kurasa zikapita, naye akisoma huku ametoa macho. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu ambaye programu ilikuwa ikimtafutia mzazi. Nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Majina yalikuwa mawili tu, yakipokezana bila mwisho: Nekesa, Naliaka, Nekesa, Naliaka. Naliaka ni mamangu.

"Khocha, si hii ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na huyu mwenye alinifuata?"

"Mamako."

"Na huyu mwenye alifuata mama?"

"Ni wewe te..." Akavuta sikio. "Hapana. Huyo ni mama yangu. Marehemu."

"Sasa kompyuta inajua aje?"

Khocha aliliachilia sikio, akaitazama skrini, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Haijui," akasema. "Haijui, na mimi sikuiambia. Mwanaume wa Kabuchai mzima nimekaa hapa nimesahau kwetu watu wanaitwa aje."

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Programu ilimtambua mtu kwa jina lake peke yake. Iliulizwa mzazi wa Nekesa, ikampata Naliaka. Iliulizwa mzazi wa Naliaka, ikaambiwa Nekesa, ikaenda kumtafuta Nekesa na kunikuta mimi, wa kwanza kuandikwa. Kwa hiyo ikapanda tena kwa mamangu, na kwa mamake ambaye ni mimi, na kila swali likazaa swali jingine ndani yake mpaka nafasi yote ya kumbukumbu ikajaa. Akina John hawakuwa na shida hiyo, kwa kuwa aliyewatunga hakuwa amempa mjukuu jina la nyanyake. Kwa kweli mashine ilikuwa imefikiri sawasawa na watu wa nyumbani kwetu, waliosema tangu nilipozaliwa kwamba mimi ndiye mama wa mamangu.

Khocha alimpa kila mtu namba yake, majina yakabaki yalivyo. Jioni ileile programu ilipanda kutoka kwangu hadi kwa mama, hadi kwa nyanya, hadi kwa mama yake nyanya, ikasimama hapo kwa adabu. Tulimwita mama aje aone. Aliingia akipangusa mikono kwa leso, akainama karibu sana na kioo. Alilisoma jina la mamake juu ya lake na langu chini ya lake, akiwa katikati yetu. Aliniwekea mkono kichwani, ukiwa na unga wa mahindi bado, akauacha hapo muda mrefu.

Siku ya mtihani Khocha alirudi akitembea kwa madaha, mama akaweka chai kabla hajaombwa, naye akatusimulia. Mmoja wa walimu wasahihishaji alikuwa Mkikuyu wa Moi's Bridge, ambaye kifungua mimba wake ana jina la babu yake, kama ilivyo desturi kwao. Alitaka kuweka ukoo wake mwenyewe, akauweka, programu ikapanda bila kujikwaa, naye akamwita mwenzake aje atazame.

Khocha alipata cheti, na kabla mahindi hayajaisha kupukuchuliwa alikuwa amepata kazi Nakuru. Mimi niliyeogopa asishindwe sikuwa nimefikiri kwamba kufaulu nako ni kuondoka. Aliniachia kompyuta. Niliipenda, na kwa wiki nzima sikutaka kuiwasha.

Tangu hapo nimefika mbali, nami sioni sababu ya kujificha. Nimefanya kazi Nairobi na Doha, nimerudi Bungoma na kufungua ofisi yangu, na wenye digrii huniletea programu zao zilizokufa. Nina skrini pana zenye rangi zote. Vijana ninaowaajiri wana zana zinazowaonyesha kosa kabla hawajamaliza kuandika, na mara nyingi wanalirekebisha wamevaa vidude vya masikioni, hakuna aliyejua kwamba lilikuwapo. Ni wepesi kuliko nilivyokuwa, hilo nalikubali, ingawa si kwa mbali. Lakini siku nzima inaweza kupita bila mmoja wao kumwita mwenzake aje atazame. Kwa hiyo linapokuja kosa gumu, hata ninapokuwa nimekwisha kulijua, huwa namwita mmoja wao kwa jina, nasimama, nampisha kiti changu, na kumwambia abonyeze, mimi nitasoma.