Nilivyoona Aibu Kumuuliza Mgeni Anaondoka Lini

Ilikuwa Alhamisi, mwanangu, na haijanitoka kichwani mpaka leo. Ndiyo, nimekuita mwanangu, usinikodolee macho. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi niko cha nne na ndevu zangu zimefika tatu. Katika bweni hili huo ni uzee kamili. Weka kitabu chini unisikilize.

Nilikuwa Hola likizoni, kwa mama mdogo wangu Saumu, karani katika ofisi ya mradi mmoja wa kilimo. Jengo lao la ghorofa tatu lilikuwa limetandaziwa nyaya mpya, na chini pakawekwa seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia zile nyingine. Fundi kutoka Mombasa aliifunga, akatuachia fungu la anwani arobaini, akakimbia joto. Kila kompyuta ikiwashwa huiomba seva anwani, namba ya kuitambulisha. Bila namba hiyo haizungumzi na yeyote, hata printa. Kupanga nani apewe namba, na akae nayo kwa muda gani, kazi hiyo mama mdogo aliniombea mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha mambo hayo wakati wenzangu wanasoma barua za mapenzi.

Meneja, mama mmoja mrefu asiyecheka, alituahidi waziwazi. "Ijumaa ya wiki ya tatu wageni wa makao makuu watakuja na kompyuta zao, mkutano ghorofa ya juu. Zote zikifanya kazi, zile tano za zamani zilizo stoo ni za shule yako. Zisipofanya, namrudisha fundi wa Mombasa, na stoo itabaki na kufuli lake."

Na shule yetu wakati huo, mwanangu, ilifundisha kompyuta kwa chaki. Mwalimu alichora kitufe ubaoni, sisi tukakibonyeza kwa macho.

Basi nikakaa mbele ya seva. Ikaniuliza: anwani ikishatolewa, ikae kwa mwenyewe siku ngapi, au bila kikomo? Sasa mimi nimelelewa na bibi yangu kule Kipini, na kwa bibi ukimuuliza mgeni anaondoka lini, siku hiyo chakula utakisikia harufu tu. Nikaona aibu. Nikachagua bila kikomo, nikajipongeza kwa ukarimu.

Wiki mbili mambo yakawa poa. Maafisa wa nyanjani walikuja na kompyuta zao za kubeba, huyu katoka Idsowe, huyu Kilelengwani, huyu Garissa. Kila mmoja akapewa namba, akanywa chai, akaenda zake. Ile Alhamisi, mkutano ukiwa kesho, nikapanda na mama mdogo kujaribu ukumbi wa juu. Kompyuta ya kwanza ikaomba anwani, ikanyimwa. Ya pili vilevile. Arobaini zote zimekwisha, na jengo lenyewe lina watu kumi na wanane.

"Wee mwana," mama mdogo akasema, "usinambie ushaniaibisha."

"Seva imechoka tu, mama."

"Uliyechoka ni wewe, kusema kweli!"

Nikateremka, nikakaa ngazini karibu na bawabu, mzee Godana, Muorma aliyechunga ng'ombe maisha yake yote kabla ya kuchunga geti. Nikamwaga yote.

"Hiyo namba," akauliza, "mtu anaenda nayo Kilelengwani, anafanya nini nayo?"

"Hafanyi kitu, mzee."

"Sasa kwa nini anakaa nayo?"

"Si ni mgeni? Nimnyang'anye?"

Alicheka mpaka mswaki ukamdondoka mdomoni. Alipouokota alikuwa amekasirika.

"Wewe kichwa kubwa ya bure! Kisimani ng'ombe yangu inakunywa, inatoka, ya mwingine inaingia. Kesho yangu inarudi, inakunywa tena. Nani amefukuzwa? Lakini wewe, ng'ombe imeenda malishoni, nafasi yake kwa maji umeiwekea mlinzi. Na huko juu ziko na kiu!"

Nilipanda ngazi mbilimbili. Kwanza nikamwambia mama mdogo ukweli, kwamba seva ni nzima na mgonjwa ni mpango wangu. Akanifinya sikio, kisha akavuta kiti, akashika kalamu. Tukapita kila ghorofa tukiandika. Printa hazihami, zikapewa namba zao za kudumu. Waliobaki wote, wenyeji na wageni, nikawaazima namba kwa siku moja moja. Na ajabu ya mpango huo ni kwamba kompyuta iliyopo huomba kuongezewa yenyewe kabla muda haujaisha, mwenyewe hata hajui. Iliyoondoka haiombi, namba yake inarudi. Nikafuta majina ya walioondoka, moja moja, nikimwomba bibi radhi kimoyomoyo.

Ijumaa wageni kumi na watano walifungua kompyuta zao ukumbini. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Moja ikapata. Tano. Kumi. Ya kumi na tano ikapata, na printa ya chini ikaanza kutema karatasi kama imepandwa na shetani. Mama mdogo alipiga kigelegele katikati ya hotuba ya mkubwa wa makao makuu! Na meneja, wallahi, alicheka. Jumatatu pikapu ya mradi ilishusha kompyuta tano hapa Garsen, nami nikiwa nimekaa juu yake nikipungia watu mkono kama mbunge.

Sasa nasaha zenyewe, mwanangu. Ukipewa kitu cha kuwagawia watu, usiwahesabu waliokaa tu, wahesabu na wanaopita. Jiulize mapema kitakaa kwa nani, mpaka lini, na kitarudi kwa njia gani. Kumwekea mtu muda si kumfukuza, maana anayekihitaji ataomba tena na atapata. Na ukikosea, sema umekosea kungali na saa za kurekebisha, hata kama kuna sikio litakalofinywa.

Mungu akupe akili pana na ulimi mkweli. Akujalie wageni tele, na kila atakayepanda ngazi zako akute nafasi yake inamngoja. Amin.