Jino Lilitoka, Maumivu Yakabaki

Jino lilishang'olewa. Nililiona kwa macho yangu, kwenye kisahani cha bati, lina damu.

Sasa kilichokuwa kikiendelea kuuma ni nini?

Mimi ni muoka mikate. Kila nikipandisha mfuko wa unga ngazini, taya la kushoto linavuta, jasho la baridi linanitoka, pumzi inakata. Nikikaa, maumivu yanatulia.

Nikarudi kwa daktari wa meno.

"Mama, kidonda kimepona. Hili si jino. Nenda hospitali wakakupime moyo."

Nikacheka. Moyo na taya wapi na wapi?

Kesho yake nikaanguka kazini, puu! Uso ndani ya unga.

Nilizindukia wodini. Mishipa ya moyo ilikuwa imesinyaa vibaya.

"Kwa wanawake dalili huweza kuja kwa njia za ajabu," daktari akasema. "Taya, mgongo, uchovu. Na wengine hawaoni dalili yoyote. Una ndugu wa kike?"

Ninaye. Dada yangu, tumbo moja, fundi cherehani. Mtaani wanamwita Chuma, kwa kuwa hajawahi kulala kwa homa. Ndiye aliyekuwa akiniuguza, ananiosha, ananitania.

"Usife bwana. Nitasengenya watu na nani?"

Muuguzi akampima presha. Akabadilisha mkono. Akaleta mashine nyingine.

"Mama, kichwa hakikuumi?"

"Sina hata mafua."

"Presha yako iko juu mno. Kaa hapo, namwita daktari."

Dada akabeba mkoba wake.

"Mgonjwa huyo kitandani, mnanikamata mimi mzima? Nina gauni la bibi harusi linanisubiri!"

Nikashuka kitandani na dripu mkononi. Nikapiga magoti sakafuni, wodi nzima inatutazama.

"Dada, nakuomba. Kwa ajili yangu tu."

Akaninyanyua. Akanifuta machozi kwa kiganja chake.

"Mdogo wangu, kuugua kumekutia woga. Jumatatu nitakuja wanipime, basi?"

Akaondoka. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Jumapili wakamleta kwa machela.

Alikutwa ameangukia cherehani. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Kiharusi.

Mama yetu alikuwa amesafiri kuja kuniaga mimi. Alisimama katikati ya vitanda viwili, hajui aanze kumlilia yupi.

Leo mimi niliyekuwa nakufa natembea, nameza dawa zangu. Yeye aliyekuwa mzima ndiye namlisha kwa kijiko.

Jana nilimuuliza, "Dada, unanisikia?"

Jicho moja likatoa chozi. Sijui lilikuwa ndiyo au hapana.

Maumivu yale niliyoyalaani ndiyo yaliyokuwa onyo langu. Dada yangu, mwili wake haukumpa hata kidokezo.

Wewe unayesoma hapa, mama wa watu, kapime presha. Usiniambie huumwi.

Na yeye alikuwa haumwi.