Bakuli la Visheti

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema nisamehe. Alikuwa mtu wa kukaanga. Ukimwona anakanda unga alfajiri, na hakuna sikukuu wala mgeni, ujue kuna mtu anataka kupatana naye na ulimi umegoma.

Siku hiyo, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, alikaanga visheti, akavipaka sukari, akavijaza katika bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Tulikuwa tunatoka Tanga kwenda Korogwe kwa dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeolewa na mkulima wa huko. Mwaka uliotangulia dada yangu alipoposwa, mama alijibu posa bila kushauriana na mkubwa wake. Hilo kwetu ni kosa, na likawa kosa mara mbili pale mama mkubwa alipoipata habari sokoni, kwa muuza vitunguu. Harusini hakuja. Tangu hapo, kimya.

Ndani ya basi mama alinihubiria adabu tangu mikonge ya Pongwe mpaka michungwa ya Muheza. Nisidokoe. Nisijibu nisichoulizwa. Nisaidie vyombo bila kuambiwa. Hilo la vyombo nililishika barabara, na ndilo lililotuponza.

Mama mkubwa alitupokea mlangoni. Mama alipomwamkia shikamoo dada, aliitikia marahaba kwa sauti ya karani aliyekwisha kuchoka na foleni. Akalipokea bakuli, akaenda nalo jikoni bila kulifunua. Tukala ugali wa mahindi mapya na maharage, na mazungumzo yote yakawa ya mvua na mahindi. Mahindi yalisemwa siku hiyo mpaka nikayaonea huruma. Harusi haikutajwa. Ila nilipokwenda kunywa maji jikoni nilimkuta mama mkubwa amesimama, anakula kisheti, na kwa sukari iliyokuwa kidevuni hakikuwa cha kwanza. Akaniambia nikawaangalie kuku.

Basi la kurudi lilikuwa la saa tisa. Wenyeji walikuwa shambani wakikata mkungu, mama amekwenda kuswali, nami nikaliona bakuli letu limeoshwa, limeanikwa kichanjani. Nikasema moyoni, watu wazima hawa wanasahau. Nikalitia chini kabisa ya kapu. Baba mkubwa akaja akapanga ndizi na mahindi juu yake kwa mikono yake mwenyewe, tukaagana, tukaondoka.

Muheza mama alitia mkono kapuni kunipa ndizi, akaligusa bakuli. Akalitoa, akalitazama ndani, akalirudisha. Kwetu bakuli la mwenzio halirudi tupu. Ukikosa chapati utatia ndimu mbili, ukikosa ndimu utatia chumvi. Kulirudisha tupu ni kusema tusijuane.

“Ndizi ni za shemeji,” alisema mwishowe. “Jibu la dada ndilo hili.”

Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuwahi kumwona mama akilia ndani ya gari la watu. Nilitamani basi linimeze. Nikamwambia yote, kwamba mama mkubwa hakunipa bakuli, nimelichukua mwenyewe kichanjani. Alinifinya paja kwa ufundi aliokuwa nao, halafu akacheka, halafu akalitoa bakuli akalitazama tena, maana sasa hakujua jibu lingekuwa lipi. Nyumbani alitaka baba amwandikie barua, akaghairi. Barua gani ya kumwomba mtu alijaze bakuli ambalo tumekwisha kuliondoa kwake?

Siku nne alizunguka ndani hivyo, chumvi ikizidi kwenye mchuzi. Siku ya tano, adhuhuri, tukasikia hodi. Mama mkubwa alikuwa mlangoni, baibui limejaa vumbi la njia, mikononi hana hata kifurushi. Nikamwamkia nikiwa nyuma ya mama, mahali salama.

“Bakuli lako nilikusudia libaki,” alimwambia mama, kabla hata hajakaa. “Nilitaka nilijaze nikuletee, nipate sababu ya kushuka Tanga. Kurudi jikoni silioni. Nikajua umelichukua makusudi, hutaki nije kwako.”

Mama aligeuka akanitazama. Paja likaniuma kabla sijaguswa.

“Mbona umekuja, dada?” aliuliza.

“Nimekesha siku nne nikitafuta sababu nyingine, mdogo wangu. Sikupata. Nimekuja bila sababu.”

Mama alimvua baibui, akalikung'uta, akalitundika. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, nami nikangoja, maana maishani mwangu sikuwa nimelisikia likitoka kwake. Kisha akaenda jikoni, akabandika karai la mafuta, na mama mkubwa akamfuata huko kukanda unga.