Mlango wa Kivuko Ulifungwa kwa Kamba

Usiku ule hatukulala, mimi na majirani wa avenue yetu hapa mtaa wa Hewa Bora, tukingoja redio isome majina ya waliokufa. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Kivuko cha jeshi kilikuwa kimezama katika ziwa Moero, na mwanangu Musonda alikuwa fundi wa mashine ndani yake. Alfajiri lilisomwa jina lake, na la Bénit, askari, mtoto wa rafiki yangu Mado.

Kufika mchana, watu walikwisha kuwa na hadithi: adui amelipua kivuko kwa bomu la chini ya maji. Kesho yake ikawa mbaya zaidi: fundi alinunuliwa, yeye ndiye aliyefungua mlango wa mbele maji yaingie. Watu wakaondoka mmoja mmoja kwenye kilio changu, na viti vyao, wakahamia kwa Mado.

Sikusoma sana, lakini mwanangu alinieleza. Likizo yake ya mwisho aliniambia wanapakia lori moja zaidi, mkia unatokeza nje, basi mlango haufungi na wanaukaza kwa kamba. Alilalamika mara tatu. Kamanda akamjibu, "Fundi, Mungu ndiye anafunga."

Kwetu, waliofiwa katika ajali moja hulia kwenye moto mmoja. Nikabeba mbabula yangu, jiko lenye makaa, nikakaa mbele ya mlango wa Mado, uliofungwa. Godefroid, chef wa avenue, mkubwa wa barabara yetu, akanijia.

"Mama Musonda, rudia kwako. Bantu beko na kasirani."

"Bakasirike. Ile bomu, nani aliiona?"

"Bantu bote banasema."

"Bote balikuwa mu maji? Wewe hata kuogelea haujue!"

Baadhi ya waliokaa pale uani wakacheka. Godefroid akanuna. "Unataka kusema jeshi yetu iko ya bajinga?"

"Nasema balifunga kivuko na kamba, sawa mbuzi ya soko."

Nikapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Mado! Musonda hakumuuza Bénit. Bale balipakia ile lori beko bazima, banakula. Ukimulaani mutoto yangu, kesho batapakia batoto bengine."

Kisha komeo likalia. Mado akatokea bila kitambaa kichwani.

"Ingia, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani. "Weye Godefroid, baki inje na bomu yako."