Uwanja wa Kupimia Oili

Tulipokuwa wadogo kule Kathiani, mpira ukikuponyoka umeenda. Boma letu lilikuwa kwenye mteremko, na chochote cha mviringo kilichoguswa na mguu kilianza safari ya kuelekea mtoni. Tulipoteza mipira ya makaratasi, machungwa, hata sufuria ya mama. Wenzangu mliokulia vilimani mnanielewa. Kati, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati, kwetu haukuwa wa haki, kwa sababu aliyerusha akiwa upande wa juu alishinda kila siku, nasi wa chini tulibaki kukimbilia mpira kwenye mihindi ya jirani huku tukitukanwa.

Baba alikuwa daktari wa mifugo. Kazini alipewa pikipiki nyekundu iliyochubuka tangi, na harufu yake ndiyo harufu ya utoto wangu: petroli, dawa ya kupe, na lile koti la mvua ambalo halikuwahi kukauka. Asubuhi tulipokuwa tunapuliza uji alisukuma pikipiki mpaka barabarani mbele ya kanisa, kwa maana hapo tu ndipo palipokuwa sawa. Aliiacha ingurume kidogo, akaizima, akangoja. "Oili imepanda, wacha ishuke," alituambia, nasi tulioruhusiwa kuishika wima tulijiona watu wakubwa sana. Kisha alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena kutuonyesha mistari yake miwili. Oili ikae kati ya mistari hiyo. Ikipungua, injini inaungua. Ikizidi, injini inasongwa. Alilisema hilo kila siku, mpaka tukawa tunamwigiza tukicheza kalongo, ule mchezo wa baba na mama.

Mama alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Kwake kikombe ambacho hakijajaa mpaka mdomoni ni tusi. Mgeni akimiminiwa chai nusu, mama aliona aibu hata kama si yeye aliyemimina, na sahani ya isyo, mahindi na maharagwe, alitupakulia mpaka maharagwe yakadondoka mezani. Ndivyo alivyolelewa, na mama zenu wengi walilelewa hivyo hivyo.

Basi siku moja baba alikuwa amelala na malaria. Mama Kyalo, mjane aliyeishi ng'ambo ya bonde, akatuma mtu kusema ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyowalisha na kuwasomesha watoto wa nyumba ile. Baba akaamka akitetemeka, akaanza kutafuta viatu. Mama akamwonea huruma. Ili kumpunguzia kazi akaitoa pikipiki, akaiegemeza kwa ule mguu wake wa chuma wa pembeni karibu na jikoni, na kwa kuwa ameona jambo hilo kila asubuhi, akachomoa kijiti.

Oili iliguswa na ncha tu. Mama akaongeza. Akapima, bado iko chini. Akaongeza tena, akamaliza kopo.

Haikumjia kwamba pikipiki imelala upande, na mteremko wa boma umeilaza zaidi, kwa hiyo oili yote imekimbilia upande ule mwingine na kijiti kinadanganya. Barabarani mbele ya kanisa kijiti hakikuwahi kudanganya.

"Umeangalia oili?" baba aliuliza, meno yakigongana.

"Nimejaza, Baba Mwende. Imejaa kabisa," mama akasema, na uso wake ulikuwa na furaha.

Pikipiki ilivuka mto. Kwenye ule mlima wa kwenda kwa Mama Kyalo ikaanza kutoa moshi mweupe, ikatapika oili kila mahali, ikanyamaza. Baba aliuacha mzigo huo kando ya njia akapanda kwa miguu, na homa yake, na mkoba wake wa dawa. Alipofika ndama alikuwa amefia tumboni, na ng'ombe hakusimama tena.

Fundi alipofungua injini na oili ikamwagika mpaka karai likajaa, mama ndipo alipoelewa. Aliketi mlangoni pa jikoni na kanga yake usoni. "Mimi ndiye nimeua ng'ombe ya Mama Kyalo," alirudia, na hatukujua tufanye nini. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa jioni ile, nikingoja baba aseme neno. Wanaume wa siku hizo hawakuwa wapole, tusidanganyane.

Homa ilipomwachilia, baba alichukua jembe na sepetu akaanza kuchimba mbele ya jikoni. Alikata ule mteremko, akapanga mawe upande wa chini, akajaza udongo, akashindilia. Tulibeba udongo mpaka shingo zikauma. Kisha akaweka karai katikati, akalijaza maji, akachutama kutazama kama maji yamegusa ukingo pande zote sawasawa. Hayajagusa, tunachimba tena.

"Unachimba nini, Baba Mwende?" mama aliuliza hatimaye.

"Pahali ya kupima oili." Hakuinua kichwa. "Wewe hukukosa. Ni boma iliinama."

Mama aliingia jikoni akalia tena, lakini kilio hicho kilikuwa kingine. Toka siku hiyo maziwa ya ng'ombe wetu yakawa yanavuka bonde kwenda kwa Mama Kyalo, nasi tukanywa strungi, chai isiyo na maziwa, mpaka mtamba wetu wa kwanza alipokua, naye pia akavuka.

Uwanja ule ndio uliotulea. Tulichezea kati na bano hapo, na gololi zikakaa palipoachwa, maajabu matupu. Maharagwe yalianikwa hapo. Na kila asubuhi baba alisimamisha pikipiki wima, akaishika yeye mwenyewe, akamwita mama aje apime. "Imefika?" "Imefika." Hawakuwa watu wa kushikana mikono, ila hilo walilifanya mpaka baba alipostaafu. Jeneza lake pia tuliliweka hapo, kwa sababu ndipo pekee meza haikuyumba.

Siku hizi nimechoka. Nakaa Machakos mjini, nyumba ya kupanga, nauza dawa nikiwa nimesimama kutwa nzima, na nikirudi miguu inawaka moto. Sakafu yangu ni ya vigae, sawa kabisa, gololi ingelala hapo mwaka mzima. Lakini wanangu hawana gololi. Wana simu na kochi, na ukiwaambia watoke nje wanakuuliza nje kuna nini.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona mama. Kijana wa bodaboda aliyenileta alikuwa na redio kubwa kuliko injini. Tulipofika akaiegemeza pikipiki mteremkoni, akachomoa kijiti, akasonya.

"Hakuna kitu hapa. Wacha nijaze."

Mama alitoka jikoni na mkongojo wake. "Toa hapo. Leta hapa kwa usawa."

"Susu, oili ni oili tu, hata ukipima wapi," kijana alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Leta hapa, mwanangu."

Akaileta, akicheka. Mama akamwambia aisimamishe wima angoje, naye akangoja, akitazama simu. Akapangusa kijiti, akapima. Kicheko kikaisha.

"Kumbe iko."

"Imefika?" mama aliuliza.

"Imefika, susu."

Mama alibaki pale hata baada ya kijana kuondoka na kelele zake, akitazama udongo ule uliokanyagwa na miaka yote hiyo. Mtu wa kumuuliza swali hilo kila asubuhi hayupo, na mimi nina kazi mjini. Nilimwonea uchungu, nikajionea na mimi.

Tukaingia jikoni akanimiminia chai. Ilifika mdomoni, ikapita, ikaingia kwenye kisosi.

"Mwaitu, inamwagika," nilimwambia mama.

"Wacha imwagike," alisema. "Hii ni chai."

Nikainama nikainywa ikiwa palepale mezani, bila kuinua kikombe, jinsi tulivyokuwa tukifanya tulipokuwa wadogo.