Mbwa Aliyepiga Honi

Mama yangu anaishi peke yake Buswahili, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Watu wakisikia hivyo hunitazama vibaya. Yaani wewe una nyumba Nyakato, Musoma mjini, vyumba vitatu, umeme, maji ya bomba, halafu mama unamwacha kijijini peke yake? Huwa nawaacha wamalize. Kisha nawauliza: mama mkwe anaweza kulala nyumba moja na mkwewe wa kiume? Wenyeji hapo wanakohoa na kuanza kuzungumzia mvua. Wageni ndio inabidi niwaeleze.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawaonani. Hawajagombana, ni heshima tu. Tangu anioe, mume wangu hajawahi kupeana mkono na mama yangu. Hawasemeshani, hawali pamoja. Mmoja akiwa uani, mwingine anabaki ndani au anazungukia nyuma ya nyumba. Siku ya ndoa yetu mama alikaa kiti cha mwisho kanisani, nyuma ya nguzo. Mume wangu anamjua mama mkwe wake kwa kisogo, na mama anamjua mkwewe kwa kikohozi. Salamu zinapita kwangu, karanga zinapita kwangu, hata pole za msiba zinapita kwangu. Nimechoka, nasema ukweli. Mimi si posta.

Mwaka jana wezi walianza kumzoea mama. Walichukua mbuzi mmoja, wakarudi wakachukua wawili. Mama akaanza kulala jikoni na mbuzi waliobaki. Nilikwenda kumwona asubuhi moja nikamkuta ananuka beberu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, panga liko chini ya mkeka. Nililia mbele yake, sikujificha. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, akasema shemeji yake aende mjini kwangu. Mama akamwuliza, "Nikalale wapi? Kwenye nyumba ya mkwe?" Mama akanigeukia mimi: "Nitafutie mbwa mkali. Nikipata mbwa, nakaa kwangu. Nikikosa, mbuzi nauza na mlango nafunga, na sijui nitakwenda wapi."

Mbwa tulimpata Mugeta, kwa kaka wa mume wangu anayefuga ng'ombe. Kule mbwa wanafukuzana na fisi, si hawa wetu wa Nyakato wanaosubiri mifupa ya kitimoto. Alitupatia dume zima, la rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Alikuwa hajawahi kuingia ndani ya nyumba, sembuse ndani ya gari. Kumpakia tu ilikuwa vita.

Tulipofika Bunda alikuwa ametapikia kiti chote cha nyuma. Tukasimama, tukanunua sabuni, tukaosha kiti pembeni ya barabara huku watu wanatucheka. Mume wangu alikuwa na zamu ya usiku Musoma na alitaka alale kwanza, kwa hiyo kila dakika anatazama saa na kuguna. Nikamwambia kama ana haraka hivyo angezaliwa basi la abiria. Akanijibu, nikamjibu, tukanuniana kutoka Bunda mpaka Butiama. Simu yangu nayo ilizima hapo hapo Bunda, chaji imekwisha.

Tulifika Buswahili jua limeanza kuwaka ila bado lina adabu. Mume wangu aliegesha nje ya uzio wa minyaa, chini ya mjohoro, kivulini kabisa. Ndani ya uzio haingii. Na mbwa asingeweza kumkabidhi mama, kwa sababu kitu kinachotoka kwa mkwe lazima kipitie kwa baba mdogo, ambaye nyumba yake iko jirani. Baba mdogo hakuwepo. Mke wake akatuambia yuko bondeni anang'oa mihogo, anarudi sasa hivi.

"Mimi namsubiri humu kwenye gari na mbwa," mume wangu akasema. "Wewe nenda kwa mama."

Nikaenda. Sikumuaga vizuri, bado nilikuwa nimenuna.

Mama alikuwa amempikia mbwa kabla ya kutupikia sisi. Ugali umechanganywa na dagaa, kwenye sufuria lililobonyea. Kamba mpya ilikuwa imening'inia ukutani, na banda la mabati lilikuwa tayari karibu na zizi, na nyasi ndani. Alinionyesha kila kitu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu baba afariki.

"Akiitwa huwa anaitikaga?"

"Mama, huyo ni wa Mugeta. Ukimwita kwa lugha yako atakushangaa."

"Atajifunza. Wewe mwenyewe ulikuwa mgumu, ukajifunza."

Tukacheka. Nikachukua ndoo nikaenda kuoga, maana nilikuwa nanuka matapishi ya mbwa na vumbi la njiani. Nilioga taratibu. Mama alibaki uani na sinia la mchicha mapajani.

Nilipotoka, mbwa alikuwa anabweka. Alibweka kwa nguvu, mfululizo, mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba. Mama aliacha mchicha akasikiliza. "Weee! Sikia sauti hiyo," akasema. "Hebu waje sasa, waje tuwaone!" Akapiga makofi. Na mimi nikafurahi, nikasema kaka mtu hakututapeli. Ilikuwa sauti ya kumfanya mwizi atafute kijiji kingine, na tulikaa pale tukiisifia huku mchicha ukichambuliwa. Baadaye kubweka kukapungua, kukawa kama kulia, kukakoma.

"Kazoea," mama akasema.

Halafu honi ikalia. Mara moja, fupi. Mama akashtuka, akavuta khanga kichwani na kugeuza uso. Pale mbele ya jikoni tunaona paa la gari na ncha za vioo tu juu ya minyaa, na vioo ni vyeusi, mume wangu alivibandika kwa mbwembwe zake. Honi ikalia tena, safari hii ndefu.

"Mkwe anaita," mama akanong'ona.

"Anaita nini? Haraka zake za zamu hizo."

"Labda njaa. Mpelekee hata uji."

"Uji? Mtu anapiga honi ukweni, mama, halafu nimpelekee uji? Ebo! Ugali ukiiva atakula, kama wenzake."

Honi ikalia ndefu zaidi, ya mtu aliyeegemea usukani na kutoondoka. Damu ikanipanda. Nikasimama nikapaza sauti, "Tumesikia!" Mama akanivuta gauni nikae.

"Usimjibu hivyo, ni mumeo. Wala usiende. Anajua mimi niko hapa, atatulia."

Akahamisha kigoda chake ili asitazamane na uzio. Na mimi nikahamisha changu, kwa hasira zangu. Tukakaa hivyo, wanawake wawili, tumelipa gari mgongo. Honi ikalia kidogo tena, ikakatika katikati. "Afadhali," nikasema, nikaanza kusonga ugali.

Nilikuwa bado nimeshika mwiko niliposikia pikipiki ikija kutoka upande wa bondeni. Bodaboda imebeba mshikaki: dereva, nyuma yake mume wangu, nyuma yake baba mdogo na kiroba cha mihogo. Nilimtazama mume wangu. Nikatazama paa la gari. Nikamtazama tena mume wangu.

"Nani yuko kwenye gari?" nikapiga kelele.

"Nani atakuwepo?" akajibu huku anashuka. "Mbwa."

Yesu wangu. Nilikimbia na mwiko mkononi. Kivuli cha mjohoro kilikuwa kimehama zamani, kimelalia upande wa pili wa njia, na gari lote lilikuwa juani. Vioo alikuwa amevishusha upana wa kidole, akidhani hewa itatosha na mbwa hatapata pa kurukia. Haitoshi. Aliyewahi kuingia kwenye gari lililoshinda juani stendi ya Musoma anajua, usukani haushikiki. Sisi tunafungua mlango tukalalamika. Mbwa hana mlango, na hatoki jasho kama sisi. Kazi yake ni kuhema tu, na humo ndani alikuwa anahema hewa ya tanuri.

Mume wangu alifungua. Joto lilitupiga usoni. Mbwa alikuwa kwenye kiti cha dereva, kichwa kimelala chini ya usukani, ulimi umekuwa wa zambarau, mapovu mdomoni. Vitambaa vya milango alikuwa amevichana vyote. Katikati ya usukani, pale penye honi, palikuwa pameloa mate na pana alama za kucha. Kiumbe yule alikuwa ametuita kwa kila njia aliyoipata.

Tulimbeba tukamlaza chini ya mjohoro. "Maji!" mume wangu akapiga kelele, "leteni maji!" Na maji yakaja. Nilidhani ni mke wa baba mdogo. Alikuwa mama, ndoo mkononi, kichwa wazi, khanga imeanguka njiani. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mkwewe, uso kwa uso, akaanza kummwagia mbwa maji tumboni, kwapani, kwenye nyayo. Mume wangu naye akawa anakinga maji kwa viganja na kumpaka masikioni. Mikono yao iligongana mara nyingi tu. Hakuna aliyeirudisha nyuma. Baba mdogo alisimama na kiroba chake begani, hajui atazame wapi.

Mbwa aliinua kichwa kidogo. Mama akasema, "Ehe, baba, ehe, amka." Miguu ikatetemeka, kisha akajinyoosha mwili mzima, na akafa. Ugali wangu ulikuwa bado wa moto jikoni.

Jioni nilipopata chaji nilimpigia daktari wa mifugo wa Bunda. Akaniambia mbwa aliyefikia hapo mara nyingi haponi, na kwamba hata kivulini, hata kwa muda wa kununua sabuni tu, mbwa haachwi ndani ya gari lililofungwa. Tulipomwacha abweke huku tunamsifia, ndipo alipokuwa bado wa kuokoa. Nilizima simu nikakaa nayo mapajani.

Lakini hiyo ni jioni. Mchana ule pale chini ya mti hakuna aliyeondoka. Mama alikuwa amekaa chini, gauni limeloa, anamfuta mbwa mapovu kwa kiganja.

"Leo nitalala na mbuzi tena," akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Nilitaka kumrukia mume wangu. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Unasema utasubiri kwenye gari, unaondoka, huagi, una akili gani! Mama akanitangulia. Aliinua macho akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza nikasikia anamsemesha.

"Baba, mbona hukutuambia kwamba unaondoka?"

Mume wangu alitazama chini.

"Nilikuja kusema. Nilimpigia mke wangu, simu haipatikani. Nikaja mpaka pale kwenye uzio, nikakukuta umekaa peke yako na sinia la mchicha. Nikasubiri labda atatoka, hakutoka. Nikaona nimfuate baba mdogo haraka nirudi. Kule bondeni yeye na wenzake wa shamba wakanikalisha, wakasema mkwe haondoki bila kula."

Mama alitazama uzio, akatazama kigoda chake kule mbele ya jikoni. Hata baba mdogo alishusha kiroba. Ni karibu sana kutoka pale mpaka pale, mtu hahitaji hata kupaza sauti.

"Si ungeniita tu," mama akasema.

"Ningekuitaje, mama?"

Mkono wa mama ulikuwa bado uko juu ya mbwa.

"Hivyo hivyo," akasema. "Kama ulivyoniita sasa hivi."